Bibi wa Pembeni

Watu wa Mpanda wanaweza kugombana kwa ajili ya picha mpaka shati likachanika, na sisemi hivyo kwa kuwacheka, maana mimi mwenyewe nilikuwa mstari wa mbele. Mwaka ule wa tisini na saba, ukitaka kumjua mtu pale mtaani kwetu Makanyagio ulimwuliza swali moja tu: uko na mkanda wa zamani au uko na mkanda mpya? Akijibu vibaya, hata chumvi hukumwazima. Nilidhani ni ugomvi wa kupitishia jioni. Sikujua kwamba ungetembea mpaka mlangoni kwetu, ukimtafuta mama yangu.

Banda la video lilikuwa nyuma ya soko, kuta za mabanzi, sakafu ya simenti, na juu ya bati spika ya honi iliyosikika mpaka stesheni ya treni. Mwenye banda alikuwa Abednego. Yeye ndiye aliyewasha jenereta, yeye ndiye aliyesafisha deki kwa spiriti, na yeye ndiye aliyekaa kando ya tivii na maikrofoni akitutafsiria. Kihindi hakukijua hata cha kuombea maji. Lakini mdomo alikuwa nao, na picha akiitafsiri Abednego ulitoka umeelewa mambo ambayo hata walioicheza hawakuyajua.

Picha iliyotugombanisha tuliiita Kisima. Bibi harusi anaolewa kwenye nyumba kubwa, mama mkwe hamtaki, anamsukuma kisimani, na bibi harusi anaanza kurudi. Ndiyo hiyo tu. Lakini mkanda wenyewe, ule wa zamani, ulikuwa kitu kingine. Ulikuwa umechoka kabisa: rangi zote zimekuwa kahawia, chenga zinapita toka juu mpaka chini, sauti kama ya mtu aliyeingiza kichwa ndani ya debe. Chini ya picha yalikaa mawe meusi ya mviringo, mstari mzima, nasi tulijua ni mawe ya kile kisima. Na upande wa kushoto, kila mambo yalipoanza kuharibika, aliinuka Bibi wa Pembeni.

Jina hilo alimpa Abednego. Uso hakuwa nao. Alikuwa mweusi tii, kichwa na mabega tu, na juu ya kichwa kitu bapa kama sinia. Aliinuka polepole kutoka chini, akasimama, kisha akaanza kwenda kulia bila haraka yoyote. Bibi harusi yuko chumbani analia, Bibi anapita. Picha inahama ghafla, sasa tuko mtoni kwenye jua kali, na Bibi bado yupo, anamalizia hatua aliyoianzia chumbani. Hakuna mtu ndani ya picha aliyewahi kumtazama. Hapo mwanaume mmoja asiyeonekana alipiga ukelele wa hasira, na Abednego akashusha sauti mpaka mabenchi yote yakawa kimya: "Anasema, nitakumaliza! Lakini Bibi hamalizwi. Huyoo. Amekuja kuchukua mtu."

Mimi nilikuwa nafunika macho kwa mikono, halafu natanua vidole kidogo nichungulie. Nilikuwa mtu mzima, fundi cherehani mwenye wateja wangu, na siku ya Kisima sikumruhusu mama azime kibatari. Utamu wa ule mkanda ulikuwa huo.

Mama yangu, Kasilda, aliuza karanga pale mlangoni mwa banda. Alikuwa Mpimbwe kutoka kijiji cha Mamba, mjane, mtu wa misa ya asubuhi, na macho yake yalikuwa mekundu kwa moshi wa kukaangia. Sinia lake alilibeba kichwani bila kulishika. Siku moja Bibi wa Pembeni anapita kwenye tivii, mama naye akapita mlangoni, na Abednego akasema kwenye maikrofoni, "Na wa kwetu ndiye yule, ila yeye anachukua hela tu." Watu walivunjika mbavu. Mama naye alicheka, akampa Abednego karanga za bure.

Mkanda mpya ulikuja na treni kutoka Tabora. Kutwa nzima honi ilipiga kelele: "Orijino! Orijino kutoka kiwandani! Leo mtaona mpaka jasho!" Jumamosi mchana banda lilijaa mpaka wengine wakasimama ukutani. Yotham, fundi baiskeli, mtu wa benchi la mbele siku zote, alikuja na binti yake mdogo Agape, akampakata mapajani.

Na kweli tuliona mpaka jasho. Sari ya bibi harusi, ambayo miaka yote tulijua ni ya kahawia, ilikuwa nyekundu kama nyanya. Mama mkwe alikuwa na kipini puani. Zilikuwepo nyimbo ambazo hatukuwahi kuzisikia, watu wanacheza kwenye bustani kana kwamba hakuna anayekwenda kufa. Mimi nilikuwa natafuta makosa tu, na kila nilipopata moja nilimfinya aliyekaa karibu nami. Kisha tukafika chumbani, bibi harusi akaanza kulia, na banda zima likageuza macho kushoto.

Hapakuwa na mtu.

Abednego kwa mazoea alishashusha sauti. "Huyoo..." alisema, akaishia hapo. Picha ikahamia mtoni. Maji yalikuwa safi, miti ilikuwa ya kijani, na pembeni hapakuwa na kitu chochote.

Jenereta lilipozimwa, ugomvi ulikuwa umeshawaka.

"Wameikata!" alisema Verdiana, muuza vitenge, rafiki yangu wa benchi moja. "Watu wa kiwandani wameona inatisha, wakaikata. Hii siyo picha, hii ni sherehe."

"Hawajakata kitu," alijibu Maduhu. Huyu alikuwa Msukuma aliyechunga ng'ombe wake nje ya mji, na akija mjini hakuondoka bila kuona picha. "Picha ndiyo hii. Ule wa kwenu ni uchafu. Nyie mnaangalia picha au mnaangalia vumbi?"

"Vumbi linatembea?"

"Hata mawe ya kisima wameyaondoa!" nikadakia mimi, hasira zimenipanda. "Rangi wamebadilisha, nyimbo wameongeza, mawe wametoa. Nani kawaomba?"

"Rangi hawajabadilisha, dada Leti. Wewe ndiye ulikuwa huoni."

Tungeendelea hivyo mpaka magharibi kama siyo Yotham. Alikuwa hajachangia hata neno. "Bibi yule nimemwona kwa macho yangu miaka yote hii," alisema taratibu. "Nyie wote mmemwona. Basi kama kwenye mkanda hayumo, ametoka."

Nilitaka kucheka. Na wakati uleule mwanga wa mlangoni ulizibwa. Alisimama pale mtu mweusi, kichwa na mabega, jua likiwa nyuma yake, uso hauonekani, na juu ya kichwa kitu bapa.

Watu walipiga yowe, mabenchi yakapinduka. Kisha mama akasema, "Jamani, karanga," na banda zima likaangua kicheko. Mama aliingia, akamwona Agape analia kwa hofu, akamkunjia karanga kwenye karatasi. "Nyamaza, mama," alimwambia mtoto. "Ni bibi tu."

Yotham hakucheka. Aliitazama ile karatasi mkononi mwa mtoto, kisha akayatazama macho mekundu ya mama yangu. Mimi nilimwona.

Jioni hiyo Agape alishikwa na degedege.

Ilikuwa masika. Mbu walikuwa wengi na kila nyumba ilikuwa na mtoto mwenye homa. Lakini homa za wengine zilikuwa malaria, na ya Agape ilikuwa karanga za mama yangu. Hakuna aliyelisema hilo mbele yangu. Nilipokwenda bombani wanawake walinyamaza, wakanipisha nichote wa kwanza. Kupishwa kule kuliniogopesha kuliko matusi. Mama alirudi kutoka sokoni na sinia limejaa vilevile alivyoondoka nalo.

"Labda wameshiba," alisema.

Siku iliyofuata alirudi nalo limejaa tena. Asubuhi nilipofungua mlango niufagie uwanja, nikaona ubao wa mlango umechorwa kwa mkaa. Kichwa, mabega, na kitu bapa juu yake. Mchoraji alikuwa na mkono mzuri, sitaki kumnyima sifa yake, maana nilimtambua Bibi wa Pembeni hata kabla sijajua naangalia nini. Niliketi pale pale kizingitini na ufagio mkononi.

Maduhu alikuja siku hiyohiyo. Hakukaa. Alisimama ameegemea fimbo yake, akasema kwa sauti ya chini ili mama aliyekuwa jikoni asisikie.

"Dada Leti, mtoe mama leo."

"Nimtoe nimpeleke wapi? Kwa ajili ya picha?"

"Kule tulikotoka, mama yangu mkubwa walimkata kwa panga kwa ajili ya fisi aliyelia karibu na nyumba yake. Hawakuanza na panga. Walianza na utani. Halafu wakanyamaza. Halafu wakaweka alama mlangoni." Aliutazama mlango wetu. "Nyie mmeshafika kwenye alama."

Nilimwuliza amesikia nini. Alisema alipeleka baiskeli kwa Yotham, akakuta watu wamejaa, na alipoingia wakabadilisha mazungumzo, ila hawakuwahi. Wangekwenda wote kuona picha Jumapili mchana, na ikiisha wangekuja kwetu wote kwa pamoja, ili asijulikane nani alitangulia.

Nilikimbia kwa mwenyekiti wa mtaa. Alinisikiliza vizuri, akasema mtu hakamatwi kwa sababu ya mchoro, akanishauri tufunge mlango.

Mama nilimwambia ilivyo, sikumficha. Nilimsihi apande lori la mpunga arudi Mamba kwa ndugu zake. Alikuwa anachambua karanga. "Nikikimbia nimekubali," alisema. "Na huko Mamba wakiuliza nimekimbia nini, nitawajibu nini? Nimekimbia tivii?" Aliendelea kuchambua kana kwamba hana wasiwasi, ila niliona anachambua zilezile alizokwisha kuchambua. Mimi nilikuwa naogopa. Kila baiskeli iliyopita nje nilisikia ni Yotham, kila mbwa aliyebweka nilijua wamekuja.

Jumamosi Verdiana alikuja kwenye cherehani yangu kuchukua kitenge chake, hata sijakikata. Hakunitazama usoni. Alisema amepata fundi mwingine. Hapo ndipo hofu yote ilipogeuka hasira.

"Sema tu unaniogopa!" nilimfokea, mtaa mzima ukasikia. "Bibi ametoka kwenye mkanda, eti, amekuja kwetu kuuza karanga. Haya, na yale mawe je? Mawe nayo hayamo! Nayo yametoka yanatembea Makanyagio? Mmeshayaona? Nendeni mkayachome moto mawe!"

Verdiana alichukua kitenge chake akaondoka karibu mbio. Mimi nilibaki na maneno yangu mwenyewe. Mawe nayo hayamo. Kwa nini mtu wa kiwandani ahangaike kuondoa mawe?

Jumapili asubuhi, wengine wakiwa kanisani, nilimfuata Abednego bandani nikamwambia aweke mkanda wa zamani.

"Ule siuweki tena," alisema. "Naogopa, Leti."

"Wewe ndiye uliyempa jina."

"Ndiyo maana naogopa."

Nadhani alinionea huruma, au aliona nikitoka pale nitamrukia. Aliwasha jenereta, akafunga mlango ili giza liingie, tukakaa wawili mbele ya mabenchi matupu. Sijawahi kuogopa picha kama siku ile. Bila watu, bila maikrofoni, kila mkwaruzo wa mkanda ulikuwa unanipitia mgongoni. Bibi harusi akaanza kulia. Kushoto, kutoka chini, kile kichwa kikaanza kupanda.

Nilijilazimisha nisimwangalie. Niliangalia mawe.

Bibi alipoanza kwenda kulia, jiwe la mwisho lilisogea kumpisha. Nilidhani ni macho yangu. Kisha jiwe la katikati likageuka. Liligeuka upande, polepole, na likawa na pua. Abednego aliruka kutoka kwenye kiti chake akaukimbilia mlango, na mimi nilitaka kumfuata, lakini nikang'ang'ania benchi. Likatoka giza jembamba kando ya lile jiwe, likapanda, likawa mkono. Ule mkono ukakuna sikio.

Jini halikuni sikio. Nilisema hivyo kwa sauti, peke yangu, kwenye banda tupu. "Jini halikuni sikio! Abedi, rudi! Siyo mawe haya, ni vichwa!"

"Vichwa vya nani?" aliuliza yuko mlangoni, na sauti yake ilionyesha kwamba vichwa vilikuwa vibaya zaidi.

"Vya watu waliokaa mbele! Kama sisi! Mtu kaingia na kamera kwenye ukumbi wa sinema, huko kwao, kajificha kwenye kiti chake kairekodi picha inavyoonyeshwa ukutani. Walio mbele yake wameingia kwenye mkanda. Angalia Bibi. Picha inakatwa chumbani inaungwa mtoni, yeye hakatwi, kwa sababu hayumo kwenye picha. Anapita mbele ya picha, na sinia kichwani, anauza vitu. Anauza kama mama."

Abednego aliurudisha mkanda nyuma akatazama tena, na tena. Mwishowe alijifuta jasho. "Ni kweli," alisema. "Lakini wewe ni mwanawe, Leti. Nani atakuamini?"

Mchana ulifika. Mama alibaki ndani, mlango umefungwa kwa komeo, na Maduhu akakaa nje kwenye kivuli na fimbo yake. Niliagana nao kama mtu anayekwenda safari. Banda lilikuwa limejaa, na wanaume kadhaa walikuwa wamevaa makoti, kwenye joto lile. Yotham alikuwa kwenye benchi lake la mbele, kofia ya pama yenye ukingo mpana kichwani, koti limefungwa vifungo vyote. Macho yake yalikuwa mekundu kuliko ya mama yangu. Mtoto alikuwa hospitali, na baba mtu alikuwa hajalala.

Nilishika maikrofoni. Nilikuwa natetemeka mpaka honi ya nje ikatetemeka nami. Niliwaambia leo wasimwangalie Bibi, waangalie mawe, nikaeleza kama nilivyomweleza Abednego. Mkanda wa zamani ukapita. Jiwe likageuka, mkono ukapanda, sikio likakunwa. Wengine walinong'ona. Mmoja alicheka akanyamaza haraka.

"Uchawi ni uchawi," alisema Yotham, akasimama. "Yule mwanamke alimroga mtoto wangu kwa karanga, halafu anamtuma binti yake atuonyeshe mawe yenye masikio. Nyie mnasikiliza nini?"

Watu wa makoti nao walisimama. Nilijua kwamba nimeshindwa, na kwamba nyumbani kuna komeo la mbao na mzee mmoja wa fimbo. Sikuwa na la kusema lililobaki isipokuwa kumchelewesha.

"Baba Agape," nilisema, "njoo useme hapa mbele, wote wakusikie. Abedi, weka orijino."

Alikuja kwa hasira, akasimama kushoto mwa tivii, akaanza kusema. Abednego aliweka mkanda mpya, safi, ule usio na kitu pembeni. Yotham alikuwa mtu wa kutembea akiongea. Alianza kwenda kulia, anasimulia degedege, mkono juu, na nyuma yake bibi harusi alikuwa analia chumbani na sari yake nyekundu. Picha ikahamia mtoni. Yotham akaendelea.

Kutoka mabenchi ya nyuma mtu akapiga ukelele wa hasira, bila kufikiri, kama tunavyopiga siku zote:

"Kaa chini bwana, unatuziba!"

Ndipo tulipomwona, sote. Mbele ya mwanga wa tivii, mweusi tii, kichwa na mabega, uso hana, na kofia bapa juu ya kichwa, anapita bila kukatwa.

"Rudisha ule wa zamani," nilimwambia Abednego. Mikono yake ilihangaika na deki. Bibi wa Pembeni akainuka, akaanza kwenda, na yule mwanaume asiyeonekana akapiga ukelele wake wa hasira, uleule wa miaka yote. Safari hii hatukuhitaji kutafsiriwa.

"Anamwambia kaa chini!" alipiga kelele Verdiana. "Jamani, anamwambia akae chini!"

Walicheka mpaka bati likalia. Waliinamiana, walipigana makofi mgongoni, walimtukana Abednego kwa tafsiri zake zote toka alipofungua banda. Yotham alisimama katikati ya kicheko kile, akiitazama tivii na kututazama sisi, kisha akakaa chini palepale alipokuwa. Kitu ndani ya koti lake kikagonga simenti. Kilikuwa chuma, kirefu, na wote tulikijua kwa mlio wake.

Kicheko kilikatika. Wanaume wa makoti waliinamisha vichwa, wakaanza kutoka mmoja mmoja, kila mmoja na njia yake.

Yotham alikuja kwetu kesho yake na ndoo ya maji na tambara, akausugua mlango mpaka mkaa ukatoka na rangi ikatoka nao. Agape alikuwa amefumbua macho, kwinini imefanya kazi yake. Mama alimwekea Yotham kigoda, akampa maji ya kunywa, akamwuliza habari za mtoto. Alisubiri Yotham aondoke ndipo akaingia chumbani akalia.

Ningekuwa napenda hadithi ziishe vizuri, ningeishia hapo. Lakini watu wa picha ni watu wa picha, na wiki haikuisha kabla mabishano hayajaanza tena. Mkanda upi ni bora? Safi ulikuwa safi, hakuna aliyebisha. Ila ulipowekwa Jumanne, watu walipiga miayo. Ulipowekwa Alhamisi, wengine walitoka kabla ya kisima.

"Hautishi," alisema Verdiana, alipokuja kunirudishia kitenge chake nimshonee, anaongea haraka kama asiyetaka nimkumbushe kitu. "Mimi sasa najua ni mtu anauza soda, lakini akiinuka bado natetemeka. Ule ndio picha, Leti. Si hata wewe ulisema?"

Ni kweli nilisema.

Jumamosi mchana mama alikuwa jikoni anakaanga, mara ya kwanza tangu mambo yale. Alikuwa ameamua kurudi mlangoni mwa banda. Sinia lilikuwa tayari, karatasi zimekunjwa, na alikuwa anaimba kidogo kidogo wimbo wa kanisani. Nilikuwa namsikiliza na moyo unaanza kutulia. Ndipo honi ya Abednego ikalia juu ya mabati yote ya Makanyagio.

"Amerudi! Bibi wa Pembeni amerudi! Leo saa tisa, mkanda wenyewe, wa zamani, haujaguswa! Njooni mumwone! Bibi amerudi!"

Huko nje watoto walikimbia wakipiga mayowe ya furaha, "Bibi! Bibi!" Wakapita mbele ya mlango wetu. Mwiko wa mama ukasimama ndani ya chungu. Karanga zikaanza kuungua, na hakuziepua.

"Mama," nilisema, "ni mkanda tu. Wote sasa wanajua ni mkanda."

"Najua," alisema. Alikuwa anautazama mlango, pale paliposuguliwa. "Waliochora nao walikuwa wanajua ni mkanda."

Alikwenda kuuza, maana tulihitaji kula. Lakini sinia alilishika mbele ya tumbo kwa mikono miwili. Tangu siku hiyo mpaka nilipomzika, mama yangu hakubeba tena kitu kichwani. Kuni alizikumbatia, na maji ya bombani aliyabeba kwa mkono, ndoo ikimgonga mguu kila hatua, nusu yake ikimwagika njiani.